Mtu wa Kutembea Naye

Kyebando, Kampala. Jumapili jioni, mwezi wa nane.
Miaka kumi na minne tangu tutoke Uvira. Nusu siku tangu ubamize mlango.

Riziki mwanangu,

Mama yako amenikataza kukupigia simu. Amesema kwa leo nimepiga simu za kutosha, na ameichukua ile simu yangu akaificha kifuani, mahali ambapo hata mwizi wa Old Kampala hafiki. Basi nimekaa hapa mezani na kalamu. Nitaandika mpaka wakati wa kwenda zamu, kisha nitampa yeye karatasi hizi akupe asubuhi utakapokuja kuchukua vitu vyako.

Sitakuandikia habari za neti ya mbu, wala namna ya kuficha pesa ndani ya basi, wala kanisa gani uende huko Masaka. Hayo mama yako ameshakuambia, na kesho atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu, na nimeona ni afadhali karatasi, kwa sababu karatasi huwezi kuikatiza katikati ukisema, "Papa, wacha." Shule niliiachia darasa la sita, unajua. Ukikuta makosa, usinisahihishie kwa kalamu nyekundu kama ulivyofanya ulipokuwa na miaka kumi.

Mchana tulipigiana kelele na hakuna aliyemaliza sentensi. Acha niandike jambo lilivyokuwa.

Wewe umepata kazi ya uuguzi kwenye makao ya wazee. Wamekuambia utashika upande mmoja wa nyumba, wazee wake wote, peke yako, tangu siku ya kwanza, kwa sababu una cheti. Ulifurahi. Mimi niliposikia, niliogopa. Jana nikachukua namba uliyoiandika ukutani, nikampigia metroni wa huko bila kukuambia. Nikamwomba akupe mtu wa kutembea naye mwezi wa kwanza, nesi wa siku nyingi anayeijua nyumba na wazee wake. Akasema yupo, anaitwa Sista Agnes, amezeekea pale. Ila akasema ukitembea naye, mwezi huo hutakuwa mkuu wa upande wowote. Utakuwa mgeni anayefuata. Nikasema sawa. Nikasema sawa kana kwamba cheti ni changu.

Leo ukaniuliza, "Papa, umepiga simu Masaka?" Nikajibu nimepiga. Ukasema, "Miaka mitatu ya shule! Mitatu! Halafu unanitafutia yaya?" Nikasema yaya ni wa mtoto, huyu ni mwenzako. Ukasema, "Wewe unadeki, Papa. Hujui kazi yangu."

Hapo mama yako aliweka sufuria chini. Mimi neno hilo halikunikasirisha kama unavyofikiri. Ni kweli nadeki. Nadeki, nafua mashuka, nainua wazee wasioweza kuinuka. Sindano sijui, dawa sijui. Sikuandikii kukufundisha uuguzi, na usome hivyo hivyo. Kilichonikasirisha ni kwamba nimeona kwa macho yangu mtu mwenye cheti kama chako akiachwa peke yake, na nilishindwa kukueleza, maana wewe ulikuwa unapiga kelele na mimi nilikuwa napiga kelele zaidi.

Pale kwetu Bukoto, kwenye makao ninakofanya kazi, kuna desturi wafanyakazi wanaiita ubatizo. Sikuwahi kukusimulia yote.

Kuna mzee mmoja, Mzee Rajabu, Mnubi, mtoto wa kambi. Alikuwa sajini katika jeshi la zamani, lile lililotawanyika vita ilipofika Kampala. Watu wengine pale wanaongea Luganda na Kiingereza, yeye na mimi tunaongea Kiswahili, chake cha kambini na changu cha Uvira, kwa hiyo tumezoeana. Chumba chake kina sheria. Unasimama mlangoni, unasema, "Jambo, afande," unangoja. Akisema, "Pita," unapita. Asiposema, unaondoka na kurudi baadaye. Na usimvute shuka hata siku moja akiwa amelala uso ukutani. Si mtu mbaya. Mikono yake huamka kabla yake.

Sheria hiyo haikuandikwa popote. Mtu anamwambia mtu. Na ubatizo ndio huu, kwamba mgeni haambiwi. Anapewa beseni na taulo, anaitwa musawo, yaani nesi, hata akiwa mtu wa dekio: "Musawo, anza na Mzee Rajabu, yeye ni mpole sana." Kisha wenyeji wanajipanga kwenye korido kungoja.

Mimi nilibatizwa wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa nimetoka mjengoni, saruji bado iko kwenye kucha, nikiamini mtu aliyebeba mawe hawezi kushindwa na mzee. Alinipiga kiwiko chini ya jicho. Ninyi nyumbani niliwaambia nimegonga mlango. Prossy, nesi mkubwa wa zamu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kalibu, Baba Liziki," akaniambia, unamjua anavyogeuza r kuwa l. "Sasa wewe ni mtu wa hapa." Na mimi nikacheka naye, jicho likiwa limevimba. Nilijiona nimekubaliwa. Kesho yake Mzee Rajabu aliniita. "Mimi hapana piga wewe," akasema. "Mkono tu." Nikamwambia, "Najua, afande."

Halafu akaja Doreen.

Alikuwa wa umri wako, ametoka shule ya uuguzi moja kwa moja, viatu vyeupe, saa ya kubana kifuani, na wigi ambalo bila shaka alilivaa kwa ajili ya siku hiyo. Kiswahili hajui hata salamu. Wakampa beseni. Tukasikia kishindo, tukasikia maji, na Doreen akatoka amelowa mpaka magotini. Wigi lilikuwa ndani ya beseni. Watu walicheka, ee Mungu, walicheka. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu na nilicheka pia. Nilipigwa mimi, kwa nini asipigwe yeye? Ndivyo kichwa kinavyokuambia wakati ule, na kinaona kimesema haki.

Doreen hakulia. Heri angelia, mtu angemshika bega. Aliokota wigi, akalikamua, akatuangalia mmoja mmoja, akaenda kubadili nguo. Tangu siku ile hakumwuliza mtu neno. Chumba cha dawa alikitafuta mwenyewe. Mzee anayelala mchana na yule anayejifanya amelala, akawatambua mwenyewe au hakuwatambua. Watu wakasema ana maringo. Alikuwa anafanya kazi vizuri, Riziki, nataka ulijue hilo. Mikono yake ilikuwa safi na hakuwahi kumgombeza mzee. Lakini alifanya kazi kama mtu anayepita kwenye nyumba ya jirani usiku, bila kugusa kitu.

Na sasa jambo lenyewe. Kulikuwa na Jjajja Perepetwa, bibi aliyepooza upande mmoja, kumeza kwake kulikuwa kwa shida. Shuleni wamekufundisha habari za watu kama yeye: akae wima, kijiko kidogo, ungoje. Doreen alifanya hayo yote. Alichokosa kukijua ni kwamba Jjajja alikuwa mjanja. Alikuwa anahifadhi uji shavuni, anakuambia amemaliza, na ukitazama mdomo unaona kama kweli. Prossy alikuwa na njia yake. Alimwomba ataje majina ya watoto wake, taratibu. Sauti ikitoka na maji maji, uji bado uko. Anangoja. Jambo dogo. Ungeweza kumwambia mtu huku unafunga vifungo.

Siku ile Doreen alimlisha, Jjajja akasema amemaliza. Doreen akatoka mpaka mlangoni. Sisi tulikuwa kwenye benchi la korido, tunakunywa chai. Niliona uso wake. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, alitaka kuuliza. Alifungua mdomo kabisa. Prossy akasema, "Eh, musawo anataka wigi lingine?" Benchi zima likacheka. Doreen akafunga mdomo, akarudi ndani, akamlaza bibi.

Jjajja Perepetwa alikohoa mpaka asubuhi. Homa ikapanda, wakampeleka hospitali, wakasema uji umeingia mapafuni. Hakurudi. Doreen akapewa barua ya onyo, na kabla wiki haijaisha akaondoka, viatu vyake vyeupe kwenye mfuko wa plastiki. Sisi wa benchi hakuna aliyepewa barua.

Nimelifikiria jambo hili miaka, nikiwa nadeki ile korido. Kutoka mlango wa Jjajja hadi kwenye benchi ni hatua chache tu. Doreen alikuwa na elimu, Prossy alikuwa na elimu, zote mbili zilikuwa ndani ya nyumba moja, na zikashindwa kuvuka korido. Mpaka leo nikipita pale na dekio napiga haraka haraka.

Prossy ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemshtaki. Badala yake alikwenda kwa metroni wetu wa wakati ule na kumweleza yote, hata wigi. Sijui waliongea nini mle ndani. Alitoka macho mekundu, akasema, "Ubatizo umekwisha. Atakayempeleka mgeni kwa Rajabu bila kumwambia, atanijua."

Baada ya hapo metroni akaweka utaratibu wa wawili wawili. Nesi mgeni na nesi mwenyeji, kitanda kwa kitanda, mwezi mzima. Na Ijumaa, wakati wa chai, kila mtu anasema jambo moja alilokosea wiki hiyo, na anayeanza ni yule aliyekaa kazini miaka mingi kuliko wote. Hilo la nani aanze ndilo lililofanya kazi. Ijumaa ya kwanza tulikaa kama watu waliokamatwa na polisi. Prossy akaanza. Akasema, "Mimi Perepetwa nilimlaza na uji mdomoni, mwaka wangu wa kwanza hapa. Alikohoa, akapona. Bahati tu." Kisha akasema, "Hilo ningemwambia Doreen." Hakuna aliyecheka.

Usifikiri wenyeji ndio walikuwa walimu na wageni wanafunzi. Alikuja nesi mmoja kijana, Brian, akatembea na Prossy. Sisi miaka yote tulikuwa tukiona ngozi ya mzee imekuwa nyekundu kwa kulala, tunaipaka mafuta na kuisugua kwa nguvu, tukidhani tunaamsha damu. Brian akasema, "Sista, shuleni wanasema tusisugue hapo, tunaharibu ngozi zaidi. Tumgeuze tu, asilalie hapo." Prossy alinuna siku mbili. "Nimesugua wazee kabla hujaota meno," akamwambia. Brian akamjibu, "Ndiyo, Sista, na sasa pumzika." Siku ya tatu nilimwona Prossy amesimama na chupa ya mafuta mkononi mbele ya mgongo mwekundu. Akairudisha kabatini. Vidonda vya kulala vikapungua, wala sitasema sana, niliona kwenye mashuka ninayofua.

Hata mimi niliguswa. Nilikuwa nainua wazee peke yangu kwa nguvu za mjengoni. Nikihitaji msaada naona aibu kuita, mwanaume mzima, nitamwita nani, wasichana? Prossy alinisimamisha siku moja. "Baba Liziki, huyu si gunia la saluji. Weka shuka chini yake, ita mtu, shikeni pande mbili." Nilijifunza kwa wiki moja. Mgongo wangu lakini ulikuwa umeshaharibika kwa ajili ya kutoita mtu, na mgongo haurudi. Ndio huo ninaoulalia sakafuni, ambao wewe na mdogo wako mnauita redio kwa jinsi unavyolia.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini nina hasira, maana si wewe peke yako.

Utaratibu ule ulikwisha. Metroni yule alihama, akaja mkurugenzi mpya anayetembea na kalkuleta. Akasimama kwenye korido Ijumaa moja akatukuta na vikombe. "Watu wawili kwenye kitanda kimoja, na chai juu yake? Hii ni nyumba ya wazee au ni kwanjula?" Unajua Waganda wanavyosherehekea wakimtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Watu wakacheka, kwa sababu ni mkurugenzi. Wiki iliyofuata kila nesi akapewa upande wake, peke yake. Hakuna aliyegombana. Prossy alisema neno moja kwenye mkutano, akaambiwa muda umekwisha. Mimi sikusema kitu, mimi ni mtu wa dekio na makaratasi yangu ni ya mkimbizi. Nimechoka, Riziki. Nimechoka na nyumba ambayo inajifunza kitu kwa kifo cha mtu, halafu inakiacha kwa sababu chai ni gharama.

Wiki iliyopita aliletwa msichana mpya. Nilikuwa nafagia nikasikia mtu anamwambia, "Musawo, anza na Mzee Rajabu, yeye ni mpole sana." Maneno yale yale. Na aliyesema si mtu wa zamani, ni mmoja aliyekuja baada ya Doreen, hakuuona ubatizo hata mara moja! Sijui aliutoa wapi. Niliacha fagio nikamkimbilia yule msichana, nikamshika mkono wenye beseni, nikamweleza pale pale kwa Luganda changu kibovu: simama, salimia, ngoja. Alisimama, akasalimia, akangoja. Mzee Rajabu akasema, "Pita." Kisha wenzangu wakanigeukia. "Mukongomani, unatuharibia mchezo." Siku nzima hawakunisemesha.

Nilirudi nyumbani jioni ile na hasira hiyo mwilini, na wewe ukanipokea mlangoni unaruka ruka. "Papa! Wananipa upande mzima! Peke yangu!"

Basi fikiria nilichosikia.

Uliniambia mchana kwamba ukianza kwa kumfuata mtu, wale utakaowasimamia baadaye watakudharau. Inawezekana. Sitasema uongo kwamba hawatakudharau, Masaka siijui, watu wake siwajui. Inawezekana pia huyo Sista Agnes ni mtu wa ovyo. Inawezekana wana ubatizo wao, na yeye ndiye padri! Ukikuta hivyo, mwache, tafuta mwingine, hata anayepika uji, kwa maana anayepika uji anajua nani anaurudisha. Lakini asikosekane mtu hata mmoja ambaye unaweza kutoka mlangoni ukamwambia, "Njoo utazame hapa, sielewi," naye akaja bila kukuuliza habari za wigi.

Na kuna jambo ninaloliogopa kuliko hilo, sikulisema mchana kwa sababu sikuwa nimelipata. Wewe hutakuwa mgeni siku nyingi. Una akili na una mdomo, nakujua. Baada ya mwaka utakuwa umekaa kwenye benchi na kikombe chako, una wenzako, mnacheka, na mtoto wa mtu atasimama mlangoni na uso ule. Prossy si mtu mkatili. Amewaosha wazee ambao watoto wao wenyewe hawaji kuwaona, na alikuwa akinunulia wengine sabuni kwa pesa yake. Alikuwa tu amekaa vizuri, na utani ulikuwa mtamu. Siombi uwe mtakatifu kuliko Prossy. Naomba siku hiyo uweke kikombe chini, utazame uso wa mtu.

Sasa nifike kwenye kosa langu, la leo, ambalo mama yako amenionyesha kwa sauti ambayo majirani wote wamesikia.

Sikujua kwamba yule metroni angekupigia leo. Sikujua kwamba ungekuwa umesimama nje ya kanisa na wenzako wa shule, simu ikiwa kwenye spika ili nao wasikie bosi wako mpya anavyoongea. Na sikujua angesema, "Usiogope, baba yako ameomba tukupe mtu wa kukushika mkono." Baadaye mama yako, aliyekuwa pale kanisani, aliniambia walivyocheka. Aliniambia mmoja wao alikushika mkono kweli, akakutembeza kama mtoto mpaka getini, na wenzake wakapiga makofi. Ulipofika nyumbani nilidhani umekasirikia utaratibu. Nikaanza kuutetea utaratibu, mimi mwanasheria wa darasa la sita.

Ulipoondoka mama yako aliketi hapo kitandani akasema, "Baba Riziki, miaka yote unatuimbia habari ya yule msichana wa wigi. Leo umemvua wako wigi mbele ya watu."

Nilimwaga chai yangu nje, nikachukua simu.

Ni kweli, mwanangu. Nilikubatiza mimi. Nilitaka usione aibu ya kuuliza, na nikakupa aibu kabla hujafika. Kama kesho ukienda Masaka ukakataa kutembea na Sista Agnes kwa sababu tu watu wamecheka kanisani, na ukashika upande wako peke yako huku umefunga mdomo kama Doreen, kazi hiyo nitakuwa nimeifanya mimi, kwa simu yangu, kwa vocha yangu.

Ndiyo maana saa kumi nilimpigia metroni tena. Hii ndiyo simu ya mwisho niliyopiga kabla mama yako hajaninyang'anya. Nikamwambia, "Naomba uyafute maneno yangu. Binti yangu ni mtu mzima, hayakuwa maneno yangu kusema." Akasema, "Mzee, ninyi wa Kampala mna kazi." Kisha akasema, "Basi. Kesho akifika nitamwuliza mwenyewe: anashika upande wake, au anatembea na Sista Agnes kwanza? Atakalosema ndilo."

Kwa hiyo ombi langu halipo tena. Ukifika kesho hakuna kitu cha baba yako kwenye ile ofisi. Kuna swali, na litakuwa lako. Mimi jibu ninalolitaka unalijua, nimelipigia kelele nyumba nzima imesikia, na nikisema sasa kwamba yote ni sawa kwangu utajua nadanganya. Si sawa kwangu. Nitakaa pale Bukoto wiki nzima nikidondosha vitu. Lakini ukisema utatembea naye, sema ni wewe uliyetaka, na mtu akicheka acheke kwa jambo ulilolichagua. Ukisema utashika peke yako, shika, na mimi sitampigia mtu simu. Ila nipigie wewe. Si kuniuliza habari za dawa. Nipigie siku utakapokuwa mlangoni na kitu kinakusumbua na hakuna mtu kwenye benchi. Sitajua jibu. Nitakuambia, "Rudi ndani, usimlaze bado," na utakuwa umelisema kwa sauti mbele ya mtu. Wakati mwingine hiyo inatosha kukukumbusha ulichokwisha kujua.

Mama yako anapita hapa anachungulia. Anauliza ninaandika barua au ninaandika Biblia. Nimemwambia akae mbali, naye amesema maharage yako jikoni, na kwamba nikikuandikia neno moja la kukugombeza ataichana. Sijui kama nimekugombeza. Soma, useme wewe.

Giza linaingia na lazima nishuke Bukoto kwa miguu kabla ya saa mbili. Leo zamu ni ya Prossy na mimi. Nitamweleza tulivyogombana, naye atacheka, halafu atanigombeza, ndivyo alivyo.

Zamu inaisha asubuhi saa moja. Sitangoja chai. Nitakuwa nimefika hapa nyumbani kabla ya saa mbili, na basi lako ni saa tatu. Usiondoke kabla sijarudi. Kama bado hutaki kunisemesha, usinisemeshe, tutakwenda mpaka stendi tukiwa tumenyamaza wawili.

Papa